Mshona Magodoro na Jumapili ya Kukaa Macho

Jua la asubuhi limepenya kwenye matundu ya bati na kuangukia lundo la pamba. Fundi ananyanyua fimbo zake mbili, anazishusha, na pamba inaruka. Haianguki upesi. Inaelea, inajizungusha mbele ya pua yake, inatua kwenye nyusi, masikioni, mgongoni mwa mkono, kana kwamba karakana nzima imo ndani ya ndoto ya mtu mwingine na yeye ameajiriwa kuifagia.

"Ukiingia humu bila kupiga chafya, ujue huna pua," anasema bila kugeuka.

Pamba iliyolaliwa miaka mingi hukandamana ikawa ngumu kama udongo. Mteja akileta godoro lake hapa, kwanza linafumuliwa, pamba inatolewa na kupigwa mpaka ikumbuke kwamba iliwahi kuwa laini. Halafu inajazwa kwenye kitambaa kipya cha mistari ya buluu na nyeupe, na fundi anaanza kushona kwa shazia, ile sindano ndefu kama kiganja na kidole juu yake, akiizamisha upande huu na kuivuta upande wa pili.

Wenzake wanamwita Usingizi. Anasema jina hilo alipewa kwa heshima ya kazi.

"Mimi nashona usingizi wa watu," anaeleza. "Wangu mwenyewe sijawahi kuuona."

Mkewe ana maoni tofauti. Kwa maelezo yake, usingizi wa fundi huyu umeonekana, tena hadharani, tena na umati.

Fundi Usingizi ana miaka thelathini na kitu, na hicho kitu hapendi kukitaja. Analipwa kwa godoro, si kwa siku. Wiki nzuri anamaliza magodoro kumi na mawili. Msimu wa mvua, pamba ikigoma kukauka, hata matano ni ya kubembeleza. Ana mke ambaye ni mpishi wa shule, ana binti wa miaka sita na mtoto wa kiume wa miaka mitatu, na ana ugonjwa mmoja wa hiari: anakimbia.

Hakimbilii medali wala hana mpango wa kumshinda mtu. Anachokitaka siku hizi, anachokiwaza akipiga pamba na akifunga kamba za viatu, ni kidogo mno kwa jinsi kinavyomnyima raha. Anataka siku moja, pale kwenye bustani ya bwawa wanakokwenda Jumapili, mkewe ainuke, aende zake, na amwachie yeye mtoto mdogo.

"Ni hilo tu," anasema. "Ainuke aende. Asigeuke."

Hilo tu, na limemshinda tangu mvua zilizopita.

Mbio zenyewe zilianza na kikohozi. Vumbi la pamba halina huruma, linaingia na hewa na kukaa kama mgeni asiye na nauli ya kurudi. Mteja mmoja, muuguzi aliyekuja kushonewa upya godoro la mama yake, alimsikiliza akikohoa mpaka sindano ikamponyoka, akamwambia kila jioni atoke, aende mbali na vumbi, atembee.

Akatembea. Barabara inayotoka karakana inashuka mteremko mrefu wenye miti pande zote mbili. Fundi alianza kushuka kwa heshima zake, mikono nyuma, kama mtu anayekwenda kuulizia kiwanja. Katikati ya mteremko miguu ikaongeza kasi bila kumshauri. Chini kabisa alijikuta anahema, anacheka peke yake, na hakohoi.

"Sikuamua kukimbia," anasema. "Mteremko ndio ulioamua. Mimi nilikuwa abiria."

Mwenzake wa karakana, mwanamume mnene ambaye kazi yake ni kushona pembe za magodoro na kwa hiyo anaitwa Kona, hajawahi kulisamehe jambo hilo.

"Mtu mzima anakimbia, hafukuzwi, hafukuzi," anasema Kona, uzi mdomoni. "Nikamuuliza, ndugu yangu, umeiba? Akasema hapana. Nikamwambia basi rudi ukaibe, ili mbio ziwe na sababu."

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Jioni alikimbia, usiku hakukohoa, asubuhi alipiga pamba akiimba. Kisha mbio zikaanza kunenepa. Za jioni hazikutosha, akaongeza za Jumapili, na Jumapili ilikuwa na wenyewe.

Jumapili ndiyo siku pekee mkewe hasimami mbele ya masufuria ya watu mia tatu. Tangu binti yao azaliwe, familia hii imekuwa na desturi ya kwenda bustani ya bwawa. Wanabeba chakula, maji na mpira. Wanatandika chini ya mti, wanawaacha watoto wapige kelele mahali ambapo hakuna jirani wa kugonga ukuta. Hakuna cha ajabu wanachofanya huko. Wanakaa tu.

"Kukaa ndiyo anasa yangu," anasema mpishi. "Mimi sikai. Hata nyumbani nakula nimesimama. Pale bwawani ndipo makalio yangu yanapokumbuka kazi yake."

Mpango wa mumewe ulikuwa wa akili sana, akili zile zinazomfaa aliyezitoa peke yake. Mke na watoto watapanda basi na vikapu. Yeye atatangulia kwa miguu, akimbie barabara ndefu inayopita viwandani na kuzunguka kilima, wakutane bustanini. Mbio atapata, matembezi atapata, wote watafurahi.

"Tulikuwa tunafika na chakula, mkeka, na marehemu anayekoroma," anasema mkewe.

Maana fundi alifika kweli, alikuwa haongopi. Alifika ameloa jasho, anameremeta, macho yanaona mbali. Akawabusu watoto, akakaa, akaegemea, akalala. Binti akimwita aje amsukume kwenye bembea, anaitika ndani ya usingizi, kwa adabu kabisa, na haamki.

Binti huyo nyumbani anaitwa Refa, kwa sababu hakuna ugomvi wa mtaa huu ambao hajautolea uamuzi. Mdogo wake anaitwa Kitonge. Alizaliwa mviringo, na mpaka leo ukimtazama kwa mbali hujui kama anakuja au anabingirika.

Kitonge alikuwa na mchezo mmoja na baba yake. Kila fundi alipotoka jioni kukimbia, mtoto alimfuata mpaka kwenye nguzo ya umeme mwisho wa uchochoro, akikimbia kwa mbwembwe zote. Pale nguzoni baba aligeuka, akamrusha juu, akamrudisha. Mtoto akajifunza jambo moja kwa uhakika: baba ni yule anayekimbia, na anayekimbia hufuatwa.

Fulana aliyokimbilia fundi ilikuwa nyekundu. Kiwanda kimoja cha rangi kiliwahi kuzigawa bure, na nusu ya mji ilikuwa nazo.

Hapo ndipo simulizi inapomhitaji mke, kwa sababu mume alikuwa hayupo, ingawa alikuwepo.

"Nilitaka kumpeleka Refa chooni," anasema mpishi. Anakunja khanga magotini, anaikunjua, anaikunja tena. "Nikamuuliza, unamwona mtoto? Akasema namwona. Macho ameshafumba. Mimi nikasema labda anapumzisha kope tu."

Foleni ilikuwa ndefu kiasi. Aliporudi, mumewe alikuwa amelala chali, anakoroma taratibu, na mkono wake wa kulia unapapasa kitu kwa upole, vile anavyombembeleza Kitonge. Alikuwa anabembeleza kapu la chakula.

"Anapigapiga kapu," anasema. "Analiambia pole pole, baba, lala. Kapu limetulia kweli. Mtoto hayupo."

Bwawa la bustani hiyo si kubwa, lakini upande wa mbali limezungukwa na matete marefu kuliko mtu, na njia ya kulizunguka hupotea nyuma yake.

"Niliangalia maji kwanza," anasema. "Mti sikuuangalia, bembea sikuiangalia. Maji. Na maji yalikuwa yametulia, yanapendeza. Ndiyo yaliyonitisha."

Kilichotokea ni hiki. Mwanamume mmoja mwenye fulana nyekundu alipita akikimbia. Kitonge alimwona baba yake anaondoka, akafanya kama alivyofundishwa. Akamfuata. Yule mkimbiaji alikuwa nyuma ya matete aliposikia vishindo vidogo na pumzi ya mtu anayejitahidi sana. Akageuka akakuta mtoto wa miaka mitatu, mikono ameinyoosha juu, anasubiri kurushwa.

Alipotokea upande wa pili wa bwawa amembeba mabegani, mama wa mtoto alikuwa ameingia majini mpaka magotini, anaita. Refa alikuwa ukingoni ameshika viatu vya mama yake. Watu walishaanza kukusanyika. Fundi ndiyo kwanza anaamka, anauliza chakula kimepakuliwa au bado.

Kitonge alishushwa chini salama. Akamnyooshea kidole yule mkimbiaji, akamwambia mama yake kwa masikitiko, "Baba huyu amepotea. Hajui tunakaa wapi."

Umati ukacheka kwa kushukuru. Mpishi hakucheka. Hakumgombeza mumewe pia, na hilo ndilo linalomsumbua fundi mpaka leo.

"Ningemgombeza angeomba radhi, ningekubali, yangekwisha," anasema mkewe, na kuna tabasamu dogo lenye makali. "Nikaona hapana. Likae."

Likakaa. Kuanzia siku hiyo, wakiwa nje ya nyumba, hajawahi kumwachia mumewe mtoto mdogo. Akienda kuchota maji anaenda naye. Akienda chooni anaenda na wote wawili, kama kuku anayehama. Hasemi neno baya. Anainuka tu, anapangusa nguo, ananyoosha mkono, na Kitonge anaushika.

"Kila akiunyoosha ule mkono," anasema fundi, "najisikia kama godoro lililorudishwa na mteja."

Aliacha mbio. Hakuambiwa, aliacha mwenyewe, viatu akavitupia juu ya kabati. Mvua ikanyesha, pamba ikakataa kukauka, kikohozi kikarudi na mizigo yake. Kona anasema hicho kilikuwa kipindi kibaya kuliko vyote karakanani.

"Alikuwa ananijibu kama mwenye nyumba," anasema Kona. "Halafu akashona godoro moja, upande huu bonde, upande huu kilima. Mteja akarudi nalo, akasema mke wangu usiku anabingirika anakuja kwangu. Nikamwambia baba, hapo umeongezewa huduma. Hakucheka. Usingizi naye hakucheka. Nikajua huyu mtu tunampoteza."

Aliyevishusha viatu kutoka juu ya kabati ni mpishi mwenyewe. Akavikung'uta, akaviweka mlangoni.

"Kakimbie," akamwambia. "Unakohoa, umenuna, hunifai. Ila Jumapili utakimbia mbele ya macho yangu. Sitaki kukutafuta na wewe."

Fundi akafikiri siku kadhaa, kwa namna anavyofikiri, yaani kwa mikono. Akachukua vipande vya kitambaa cha mistari vilivyobaki karakanani akashona vitu viwili. Cha kwanza ni godoro dogo, jembamba, linalokunjwa na kubebwa begani, la kutandika bustanini. Cha pili ni fulana yake ya kukimbilia. Mistari ya buluu na nyeupe, kifuani na mgongoni, mji mzima hakuna mwenye nyingine.

"Mtoto asimfuate baba wa mtu tena," anasema.

Jioni akishuka ule mteremko, wauza matunda wanasimama kumpisha.

"Godoro limetoroka," wanaitana. "Mfungieni njia, mwenyewe yuko nyuma analia na shuka mkononi."

Yeye anawapungia mkono. Jioni hizi anakimbia kidogo, anazungukia njia ya nyuma, na anafika nyumbani kabla watoto hawajaogeshwa, kwa sababu kuogesha ni zamu yake na Refa husimama mlangoni na hukumu tayari. Akichelewa anaambiwa amechelewa. Akiwahi anaambiwa ananuka.

Ni Jumapili, na mistari ya buluu na nyeupe inazunguka kiwanja cha nyasi.

Hazunguki bwawa. Anazunguka familia yake. Godoro dogo limetandikwa katikati ya kiwanja, mkewe amekaa juu yake miguu ameinyoosha, Kitonge anasukuma mpira kwa tumbo, na fundi anawazungukia kwa mwendo wa taratibu, duara kubwa, haendi pasipoonekana. Jua ni la kulala. Majani ya miti yanajigeuza upande mmoja na kurudi, kama watu wanaotafuta ubavu mzuri.

Kila anapomaliza duara, Refa anamsubiri ukingoni na kipande cha hadithi. Ni utaratibu alioubuni mwenyewe: kipande kimoja kwa raundi moja, hakuna mkopo.

"Samaki ameenda dukani kununua viatu," anasema Refa baba yake anapopita.

Fundi anaondoka nacho. Anakizungusha kiwanja kizima, midomo inachezacheza. Anarudi.

"Muuzaji amemuuliza anavaa namba ngapi."

Anaondoka tena. Pale mbali, chini ya miti, anaonekana akitikisa kichwa. Anarudi.

"Amesema hajui. Miguu bado hajapata, ameanza na viatu."

Safari hii fundi anakosea hatua, anacheka mpaka anashika ubavu. Mkewe anatazama hayo yote kwa uso wa mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake.

"Zamani nilikuwa nakimbia nasikiliza pumzi yangu," anasema fundi baadaye. "Siku hizi nakimbia namuwazia samaki. Sijui hata nimechoka saa ngapi."

Lakini anajua pa kuishia. Hilo ndilo somo alilojifunza kwa aibu: anaacha kukimbia wakati miguu bado inataka. Raundi mbili za mwisho, zile tamu zaidi, ambazo mwili umeshapata moto na mtu anajiona anaweza kufika popote, hazikimbii. Anaziita za watoto. Anarudi na nguvu hizo godoroni, anamsukuma Refa bembeani, anambeba Kitonge kichwani.

Wala halali. Tangu alishone, hajagusa godoro hilo kwa mgongo. Anakaa wima, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Sijamwomba aniamini," anasema. "Ningemwambia nini? Hili si godoro, useme nitalifumua nilipige nilishone upya leo leo."

Chakula kimeliwa, maji yamepita mkono kwa mkono. Watu wachache wanazunguka bwawa kwa miguu, wanaingia nyuma ya matete, wanatokea upande wa pili. Mpishi amekuwa akiwatazama muda mrefu. Kisha anainuka. Anapangusa nguo.

Kitonge, kwa mazoea, anainuka naye na kunyoosha mkono wake juu.

Mama yake anautazama ule mkono mdogo. Anauinamia, anaubusu, anaurudisha ulikotoka.

"Baki na baba," anasema.

Fundi anageuka nyuma yake, kana kwamba kuna baba mwingine.

"Unakwenda wapi, mama watoto?"

"Kuzunguka bwawa. Siku zote nalitazama, sijawahi kulizunguka."

"Refa unamchukua?"

"Naenda mwenyewe, baba watoto. Mwenyewe maana yake mwenyewe."

"Mama, kama baba akilala?" anauliza Refa, kwa sauti ya kikazi.

"Hajalala bado," anajibu mama yake, na anaondoka.

Anatembea pole pole mwanzoni, viatu mkononi. Hageuki. Khanga yake inaonekana kati ya miti, halafu kando ya maji, halafu inafika kwenye matete, na matete yanaifunika.

Na hapo, wakati huo huo, kana kwamba mtu amefungua mlango wa karakana, usingizi unakuja kumtafuta fundi.

Unakuja kwa ujanja. Jua limelegea. Kitonge, aliyekuwa anaruka, ghafla anaishiwa nguvu, anapanda kwenye mapaja ya baba yake na kulaza shavu, mzito na wa moto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Pumzi yake inapunguza mwendo. Pamba ya mti fulani inapeperuka juu ya nyasi, nyeupe, haina haraka. Na Refa, amekaa kando, anaendelea na hadithi kwa sauti ya chini ili asimwamshe mdogo wake.

"Samaki akaambiwa avae viatu alale navyo, asubuhi ataamka na miguu. Samaki akalala. Akalala. Akalala sana."

"Refa, mwamshe huyo samaki," anasema baba yake, kope zinashuka.

"Hawezi kuamka, bado ni usiku kwake."

"Basi aje mwizi. Aje mtu apige mlango. Fanya kitu, mwanangu."

Refa anafikiri. "Hakuna mwizi. Ni hadithi ya watu wazuri."

Kope zinashuka tena. Mkono wa kulia wa fundi umeanza wenyewe kupapasa mgongo wa mtoto, pole pole, pole pole, ule mwendo wake wa zamani, na kila pigo linambembeleza zaidi mpapasaji kuliko mpapaswa. Shingo inalainika. Kidevu kinashuka mpaka karibu na kifua.

Kisha anautazama huo mkono wake. Anautazama kama anayemtambua mtu aliyewahi kumdhulumu.

Anainuka. Anamweka Kitonge begani, kichwa kwenye shimo la shingo, na anasimama wima katikati ya godoro, fulana yake ya mistari imelingana na kitambaa kilicho chini ya miguu yake, kana kwamba godoro lenyewe limesimama limeshika zamu. Anaelekeza uso kwenye matete. Mtoto ni mzito na bega linauma. Haketi.

"Baba, si ukae," anasema Refa.

"Nikikaa nimekwisha."

"Basi na mimi nasimama." Na anasimama pembeni yake, ameshika ukingo wa fulana kwa mkono, wote wawili wanatazama upande mmoja. Mkimbiaji mmoja anapita, anawaona, anadhani labda kuna kitu majini, anatazama naye.

Khanga inatokea upande wa pili wa matete. Iko mbali, ndogo kama kitufe. Inakaribia. Mpishi anakuja haraka kuliko alivyoondoka, na anapofika anahema, jasho linang'aa juu ya mdomo, viatu bado mkononi. Anamwangalia mtoto aliyelala. Anamwangalia mume aliyesimama. Hasemi habari za mtoto wala za mume.

"Kule nyuma ya matete kunapendeza," anasema. "Kuna upepo."

"Mbona unahema?" anauliza fundi.

Mkewe anakaa kwanza, ananyoosha miguu, anajipangusa uso kwa pindo la khanga.

"Nilisimama pale kwenye matete. Nikatamani kuwachungulia. Nikasema siwachungulii." Anacheka kidogo, anatazama maji. "Kwa hiyo nikakimbia. Pale ambapo hakuna mtu wa kuniona."

"Umekimbia? Wewe?"

"Usinitangaze."

"Kwa hofu au kwa raha?"

Mpishi anafikiri kama mtu anayetafuta chumvi kwenye mchanganyiko. "Vyote vimo," anasema. "Nipe mtoto hapa, bega linatetemeka."

"Acha, namshika."

Anamwacha amshike. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, na huenda kwa mara ya kwanza tangu mvua zilizopita, mpishi analala chali juu ya godoro dogo, anaweka mkono juu ya macho, na hamuulizi mtu yeyote kama anamwona mtoto. Refa anaangalia hilo, anataka kutoa uamuzi, anaghairi.

Fundi amebaki amesimama, mtoto wake begani, mbavu za mkewe zikipanda na kushuka miguuni pake. Akiulizwa sasa ana mpango gani na mbio zake, kama atajiandikisha yale mashindano ya mji ambayo wenzake wanamwambia anayaweza, anatikisa kichwa. Anatazama njia ile inayopotea nyuma ya matete.

"Amewahi sana kurudi," anasema kwa sauti ya chini, asimwamshe mtu. "Natumaini Jumapili ijayo atachelewa."